Ekoli doktorali inakuja, lakini asistani mwenye kozi tano ataandika teze saa ngapi?

asistani_ibanda (Bukavu)

Bakubwa kwa badogo, jambo yenu. Niko na swali na naomba msinicheke, juu najua humu kuna maprof na ma-CT (chef de travaux, cheo kinachofuata asistani) wengi.

Mi ni asistani (mwalimu msaidizi wa chuo), manda ya pili (kipindi cha pili cha kazi), teze yangu ya doktora ni juu ya udongo unaoteremka hapa Bukavu, ule unaobebaka nyumba za watu kila mvua kubwa ikishuka (wa Kadutu wananielewa vizuri). Promota (msimamizi wa teze) iko Kinshasa, promota wa pili iko Ubelgiji, na katikati yao niko mimi na kozi tano, travo pratiki, makopi ya L1 (mwaka wa kwanza) ya kusahihisha, oditoriamu inajaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani, halafu nyumbani watoto wawili na mume ambaye kusema kweli anasaidia lakini bugali yake hailiki.

Sasa fakulte inatuambia LMD (mfumo wa lisansi, master, doktora) imefika na kwetu ngazi ya juu. Sheria ni ya 2014, ba L1 walianza nayo kila mahali 2021-2022, na sisi wa doktora zamu yetu njo hii: miaka tatu, kredi 180, na ekoli doktorali (shule ya kusimamia doktorani wote) juu yake. Zamani ulikuwa unapita DEA (diploma ya kujiandaa kwa teze) kwanza, unaingia kwa teze, unatoka siku Mungu anapenda, nani alikuwa anahesabu. Mimi na wenzangu wawili tumepewa kazi ya kuandika pendekezo: doktorani wasindikizwe namna gani ili wamalize. Bajeti tuseme haipo.

Nimesoma mambo ya Ulaya mpaka nimechoka. Yote ni kozi za metode, komite, charti, seminari. Sitaki tukopi halafu tubandike kwa mlango wa fakulte basi. Nauliza nyinyi mliopita ama mko bado ndani: kitu gani kilikusukuma kweli kweli, mbali na pesa? Shida yangu mi si data, data niko nazo, shida ni kwamba naweza kukaa miezi na hakuna mtu hata mmoja anayengojea ukurasa wangu. Promota ana roho nzuri, ila ukimtumia shapita (sura ya teze) ni kama jiwe limeanguka mu ziwa, hausikie tena kitu.

papa_wa_bagira (Bukavu)

Mbali na pesa? Dada umeondoa jibu halafu unauliza swali 😂 Toeni kwanza minervali (ada ya masomo) ya doktora na tiketi ya juri (wanaopima teze) toka Kinshasa, hayo mengine ni ya kuchangamsha mukutano.

mwana_himbi (Goma)

Papa wa Bagira hauko mbali na ukweli, ila hata pesa ikija kesho kuna watu hawataandika. Nawajua, wako na bursi na hawaandike.

Sisi hapa Goma tulianzisha kitu kidogo tu. Jumamosi asubui, watu wachache, kwa sali moja ya parokia ambayo iko na pano za jua, maana moto ya SNEL (umeme wa kampuni ya taifa) hakuna anayeiamini. Kila mtu anakuja na mashine (kompyuta) yake imechajiwa. Kabla ya kuanza unasema utakachoandika leo, na si "nitaendelea na shapita ya pili", hapana hiyo tunakataa, unasema "aya tatu za kueleza namna nilichagua kartie (mitaa) zangu". Simu zinakaa kwa meza ya mlangoni. Mnaandika kimya saa moja na nusu, chai, tena saa moja na nusu, na mwisho unasoma kwa sauti kile uliandika hata kama ni kibaya. Njo hapo utamu uko. Kati yetu kuna wa drwa (sheria), wa agronomi, wa volkano (toka Nyiragongo ilipuke Mei 2021 hao ni wengi kwetu), hakuna anayejua vizuri kazi ya mwenzake kwa hiyo unalazimika kueleza, na ukishindwa kumuelezea mtu wa drwa kwa nini ulichukua sampuli pale na si pengine, ujue juri nayo itakuuliza hiyohiyo.

Kitu kingine hautakikuta mu makaratasi ya Ulaya. Vita ilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, kuna wenzetu walitoka na begi moja. Kundi ilihamia WhatsApp. Tusidanganyane, hatukuandika kitu muda mrefu, tulikuwa tunaulizana tu nani amekula. Lakini ni mle ndani mtu aliuliza "data zako ziko wapi?" na mwenzetu mmoja ambaye mashine yake ilichukuliwa alipata ankete zake (majibu ya watu aliowahoji) zote juu alikuwa amezituma mapema kwa mwenzake aliye nje ya mji. Kwa hiyo andika hiyo mu pendekezo yako, dada: kila doktorani data zake zikae sehemu mbili, na moja isiwe hapa. Hata Zotero ya bure (programu ya kupanga marejeo) inakupa nafasi kidogo ya kuweka marejeo yako kwa intaneti, na picha za daftari ya tereni (kule unakokusanya data) unaweza kumtumia ndugu.

ct_kasapa (Lubumbashi)

Mama asistani, mi niko CT huku Lubumbashi, teze niko naimalizia. Kundi ya kuandika ni muzuri sikatae, lakini haiwezi kukutetea siku promota anakasirika ao anapotea. Pale njo unahitaji komite, na hapa mi siogope kukopi Ulaya, ila mukopi kipande kimoja tu, kile cha maana.

Bafaransa baliweka mu maagizo yabo ya 2016 komite ya kufuata kila doktorani. 2022 bakaongeza makali: komite inakutana naye kabla hajajiandikisha mwaka wa pili, na tena kila mwaka mpaka mwisho. Kikao kiko na sehemu tatu. Ya kwanza unaeleza kazi yako, munajadiliana. Ya pili promota hayuko mu chumba, unabaki na komite peke yako. Ya tatu wewe unatoka, promota anabaki nabo. Na bantu ba komite si bale banaongoza ile kazi.

Soma tena hiyo ya pili. Huku kwetu mutu anaweza kutumika na promota miaka na miaka na hakuna siku hata moja mutu alifunga mulango akamuuliza "inaendaka namna gani?" Haiombe bajeti hiyo, inaomba viti na saa moja.

Na ile ya miaka tatu usiiache ipite hivi hivi. Mwaka 2005 wenyewe ba Ulaya balikaa Salzburg, Austria, bakapanga kanuni kumi za doktora, na mle banasema miaka tatu mpaka ine, LAKINI ya mutu anayefanya teze muda wake wote. Asistani mwenye kozi tano muda wote anautoa wapi? Hana hata nusu. Fakulte ikitaka miaka tatu basi ipunguze kozi, imupe muhula muzima bila kufundisha kabla ya kuweka teze, kitu kama hiyo, ao iseme wazi kwamba ni miaka sita tujue. Hawawezi kuchukua hesabu ya kule na kuacha masharti yake.

prof_mzee (Bukavu)

Nimesoma yote. Wanangu, niruhusuni kusema kidogo upande wa promota kwa kuwa naona hapa anapigwa na hayupo.

Maprofesa ni wachache. Mmoja anafundisha Bukavu, anavuka Goma, anashuka Uvira, anapanda mpaka Butembo, na kila mahali kuna doktorani wanaomngoja na bahasha. Kuwasoma hakumwongezei kitu katika mshahara. Halafu mnamtumia shapita ya kurasa 90 saa tano za usiku na ujumbe mmoja: "Prof, naomba maoni yako." Maoni juu ya nini? Mimi nikipata kitu kama hicho naweka pembeni nikingoja siku yenye nafasi, na siku hiyo haiji. Kuna mwanafunzi mmoja aliniandikia hivi, na nimeuhifadhi ujumbe wake kwa sababu nawaonyesha wengine:

"Prof jambo. Nakutumia ukurasa wa 12 hadi wa 19 tu. Naomba uangalie mambo mawili: je, sababu niliyotoa ya kuchagua vijiji hivi inatosha? Na jedwali la pili, linasema kweli kile ninachodai ukurasa wa 17? Yaliyobaki bado nayatengeneza, usijisumbue nayo. Nitakupigia Alhamisi saa nane mchana."

Nilimjibu kesho yake. Na Alhamisi alipiga kweli. Mambo kama haya hayafundishwi popote, ekoli doktorali ingeanza na hayo badala ya kozi nyingine ya epistemoloji.

Komite naikubali, ila kwenye fakulte ndogo ambako wote tunajuana inaweza kugeuka mahali pa kulipizana visasi vya uchaguzi. Wekeni angalau mtu mmoja wa nje, chuo kingine, mji mwingine, kwa simu inatosha.

Sasa naona pia watu wanasukuma teze ya makala: badala ya kitabu kizima unatoa makala kadhaa, unaziunga kwa utangulizi na hitimisho. Ina faida, kazi inakatwa vipande na kila kipande kinasomwa na watu msiojuana nao. Lakini mkiweka sharti hilo kabla ya kuwaandaa watu, mtawapeleka moja kwa moja kwa majarida yanayokula pesa. Doktorani anapokea barua pepe yenye sifa nyingi, alipe dola kadhaa, makala itatoka wiki ijayo. Jarida gani la kweli linaahidi wiki ijayo kabla hata halijakusoma? Na kusoma kwenyewe: Congo iko kwenye kundi la nchi ambazo vyuo vyake vinapata Research4Life (mpango wa kusoma majarida ya kisayansi kwa intaneti) bure, HINARI ya mambo ya afya ilianza 2002, AGORA ya kilimo 2003. Anayejiandikisha ni chuo, siyo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nenosiri liko kwa mkutubi. Nimeona doktorani ananunua makala kwa pesa yake mwenyewe na nenosiri limelala kwenye droo ya maktaba.

asistani_ibanda (Bukavu)

Prof asante sana, ule ujumbe naukopi leo leo, na maktaba nitapita kesho kabla ya kozi.

Lakini naomba niulize kwa heshima. Nikituma hizo kurasa nane, na Alhamisi simu haichukuliwe, na Alhamisi ingine vilevile, nafanya nini? Juu mzigo wote naona umebaki kwangu mwanafunzi: niandike kifupi, niulize vizuri, nipige simu. Upande ule mwingine nani atamwandikia sharti?

Na wewe kaka wa Himbi, Jumamosi asubui kwenu nani anapika?

mwana_himbi (Goma)

😅 Hapo umenishika. Kundi yetu ni wanaume karibu wote, tulikuwa tunajiuliza kwa nini.

mama_docteur (Lubumbashi)

Nilikuwa nangoja mutu aulize hiyo ya kupika, naona muliizunguka sana.

Jumamosi asubui mwanamke yuko soko, yuko kufua, ao yuko matanga ama ndoa, juu asipoonekana watasema. Mi nilitetea teze tayari, na kundi yenye ilinisaidia ilikuwa ya wanawake, tulikuwa tunakutana katikati ya wiki, mchana, mule mule mu biro ya mmoja wetu, kati ya kozi na kozi, saa moja basi. Hakuna mutu wa kumuomba ruhusa juu tuko tayari kazini. Ekoli doktorali ikipanga seminari zake saa kumi na moja jioni wanawake hawatakuja, halafu mwisho wa mwaka ripoti itaandika kwamba wanawake hawana moyo wa utafiti. Nimeisoma ripoti ya namna hiyo.

Kwa swali yako ya pili dada: charti. Najua hautaki makaratasi, ila hii ni karatasi moja. Ile Salzburg CT ametaja inasema usimamizi uwe na mkataba wa pande tatu, doktorani, promota, NA chuo. Kwetu inakuwaka mbili, chuo kinajitoa, njo maana ukigombana na promota unajikuta uko peke yako na Mungu. Muandike mle: promota anapokea kurasa ngapi kwa mara moja, anajibu ndani ya wiki ngapi (wiki tatu si mbaya), na akipitisha hizo wiki unaandikia nani, cheo chake, si "mamlaka husika". Muandike data ni za nani. Hiyo usiruke, hasa nyinyi wa Bukavu na Goma ambako proje za wazungu ni nyingi: doktorani anazunguka vijiji na mafomu ya wengine, siku ya kuandika anaambiwa data ni ya proje, na kwa artikili jina lake linakuja mwisho ama linakuja mu shukrani. Na muandike mimba. Miezi ya uzazi haihesabiwe mu ile miaka. Isipoandikwa itakuwa ni huruma ya mutu, na huruma ya mutu inategemea aliamka namna gani.

papa_wa_bagira (Bukavu)

Sawa mama docteur amenifunga mudomo. Lakini minervali bado 😂

kijana_birere (Goma)

Mi sijaanza teze niko master, lakini naweka hii. Mnaijua CARTA, mpango wa kusindikiza doktorani wa Afrika? Ilianza 2008, inaongozwa na APHRC (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya) ya Nairobi pamoja na chuo cha Wits cha Afrika Kusini, iko upande wa afya ya jamii na idadi ya watu. Namna yao ni kwamba watu wa vyuo mbalimbali vya Afrika wanaingia pamoja kundi moja, kila mtu anabaki ameandikishwa chuo chake na promota wake, lakini wanakusanyika kwa semina kubwa nne katika safari yote ya teze, mwanzoni ni kutengeneza swali na proje, mbele zaidi ni data na kuandika, mwisho ni maisha ya baada ya doktora. Wanafunzi wale wale. Kwa hiyo ukichelewa kuna watu wanaona, si promota tu. Na waliona pia kwamba kufundisha doktorani peke yake haitoshe, wanaitaka mpaka watu wa ofisi na wa maktaba wafundishwe, juu hao ndio wanaokwamisha dosiye.

Sisi hatuna pesa ya kulaza watu Nairobi, najua. Lakini Bukavu hapo kuna vyuo kama UOB, UCB, UEA, bila kuhesabu ISP na ISDR, zote katika mji mmoja, toka moja mpaka ingine unachukua moto (pikipiki) tu. Huku Goma vilevile, UNIGOM na ULPGL si mbali. Kwa nini kila moja ifungue ekoli doktorali yake ya doktorani wanne? Mnakutana wapi kundi kwa watu wanne, wawili wako tereni na mmoja mgonjwa.

ct_kasapa (Lubumbashi)

Kijana unasema vizuri ila bado hauja onja 😂 Vyuo bivili bisaini karatasi moja? Batagombania stampu ya nani inakaa juu.

kijana_birere (Goma)

Basi wasisaini yaya. Kuandika pamoja Jumatano mchana inahitaji stampu?

asistani_ibanda (Bukavu)

Haihitaji. Hiyo naichukua vile iko, kundi ya katikati ya wiki, mchana, wa chuo chochote cha hapa, na sitaipitisha hata kwa konsei (baraza) ya fakulte, nitaanza kuwaita wenyewe. Nimekwisha andikia mtu wa UEA.

Kwa pendekezo lenyewe nitaweka vitu vichache: kikao cha mwaka chenye ile sehemu promota hayuko, na mtu wa nje ndani yake; charti ya ukurasa mmoja na wiki tatu, uzazi, data; na hesabu ya kozi, kwamba miaka tatu haisemwe bila kusema mtu anafundisha saa ngapi. Hii ya mwisho wenzangu wa kamati wanaogopa, wanasema mkuu wa fakulte atakataa juu nani atafundisha L1. Mi naona tuiache ndani waikatae wenyewe kwa maandishi. Kozi mpya za metode sitaki kuweka hata moja.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Ile sehemu ya pili ya kikao, doktorani akisema mambo yake, maandishi yake yanakaa wapi? Kwetu sekretarieti ya fakulte kila mtu anaingia, na promota mwenyewe ana ufunguo.

prof_mzee (Bukavu)

Yasikae fakulte. Akae nayo yule wa nje, na nakala moja kwa doktorani mwenyewe. Kwa mkuu wa ekoli ipelekwe sentensi moja tu: anaendelea, au kuna tatizo la kushughulikiwa, na nani alishughulikie.

asistani_ibanda (Bukavu)

Sawa prof. Na ungekubali kuwa yule wa nje, kwa mwaka wa kwanza tu, tuone?

prof_mzee (Bukavu)

Kwa simu ndiyo, kwa safari hapana, magoti yangu hayataki tena. Niandikie pembeni, na mnipe tarehe kabla ya mitihani, siyo wakati wa mitihani.